Kanuni za Michezo ya Masimulizi: Ni Zipi Zichaguliwe, na kwa Kipimo Gani?

Iko michezo ya mezani ambayo haina mshindi. Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja katika waliosalia hushika nafsi ya mtu wa kubuni, mpiganaji au mchawi au mwizi, akanena na kutenda kwa niaba yake. Msimulizi hueleza mahali walipo na hatari iliyowakabili, kisha huuliza: mwafanya nini? Kila mchezaji hujibu, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu hutupwa. Hadithi hutungwa papo hapo kwa vinywa vya wote, wala hapana hata mmoja aujuaye mwisho wake. Mchezo wa namna hii ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974, nao ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo taratibu nyingine nyingi zimetungwa, kila moja na kitabu chake cha kanuni, na kikundi chochote kitakacho kuanza hukutana na swali moja: utaratibu upi uchaguliwe?

Majibu mawili husikika zaidi. La kwanza husema kwamba uchukuliwe ule ulio mashuhuri, maadamu wengi hawawezi kukosea. La pili husema kwamba utaratibu si kitu, kwani msimulizi hodari atapendeza kwa kanuni zozote, na msimulizi dhaifu hataokolewa na kitabu. Majibu yote mawili yana chembe ya kweli, na yote mawili hayatoshi. La kwanza hupima kanuni kwa sifa zilizo nje yake. La pili hukana kwamba kanuni zina kazi yoyote. Mtu ambaye angesema vivyo hivyo juu ya lugha, kwamba ifaayo ni ile yenye wasemaji wengi, au kwamba lugha zote ni mamoja maadamu msemaji ni fasaha, asingeachwa bila kujibiwa na wanafunzi wa lugha.

Jambo hili lawahusu pia wachunguzi wa fasihi ya mdomo. Hadithi ya mezani ni masimulizi ya mdomo yaliyozaliwa katika nchi ya vitabu na viwanda. Haina maandishi yake: kilichochapishwa ni kanuni tu, na hadithi yenyewe hupotea wachezaji wainukapo. Mganaji wa ngano wa pwani huanza kwa kuita na kuitikiwa, lakini akishaishika hadithi huwa ni yake mpaka mwisho. Mezani wasikilizaji hawaitikii tu, bali humpokonya msimulizi nusu ya hadithi. Katika mpango huo haki ya kusema ndiyo mali igawanywayo, na kanuni ndizo ziigawanyazo. Kuchagua kanuni, basi, ni kuchagua nani atasema, lini, na juu ya nini. Marafiki watakaokutana kila juma kwa mwaka mzima watatumia pamoja mamia ya saa. Wakichagua vibaya watachoka bila ya kujua sababu, na aghalabu watalaumiana wao kwa wao kwa kosa lililomo kitabuni.

Kipimo

Mwaka 1959 mwanaisimu Roman Jakobson, akiandika juu ya tafsiri, alieleza kwamba tofauti kubwa baina ya lugha na lugha haimo katika mambo ambayo msemaji ana ruhusa ya kuyataja, kwa kuwa kila lugha yaweza kulitaja lolote. Imo katika yale ambayo msemaji hulazimishwa kuyataja. Mfano wake u karibu. Mwingereza amtajapo kwa kiwakilishi mtu aliyekuja, hana budi kuonyesha kuwa ni mwanamume au mwanamke. Mswahili asemaye “amekuja” huliacha jambo hilo, na hapana amwonaye kuwa amepunguza neno. Walakini mti uangukapo, Mswahili hana budi kukipatanisha kitenzi na ngeli ya jina, jambo ambalo Mwingereza halijui kabisa.

Kipimo hicho chafaa kanuni za michezo kuliko vipimo vinavyotumiwa kwa kawaida. Watu hulinganisha taratibu kwa wingi wa kurasa, kwa uzuri wa picha, au kwa idadi ya madubwana na sihiri zilizoorodheshwa. Lakini katika michezo hii mchezaji ana ruhusa ya kujaribu lolote: hapana utaratibu umkatazao mpiganaji kumposa binti wa mfalme au kulima shamba. Tofauti imo katika mambo ambayo meza haiwezi kuendelea mpaka yametajwa. Utaratibu mmoja hulazimisha kutaja umbali kwa futi. Wa pili hulazimisha kutaja kiungo kilichojeruhiwa. Wa tatu hulazimisha kutaja gharama ya kila ushindi. Mambo hayo yatajwayo kila jioni, watu watake wasitake, ndiyo yatakayokuwa hadithi yao.

Taratibu tatu

Ili kipimo hicho kijaribiwe, zimechaguliwa hapa taratibu tatu zihusuzo dunia za upanga na sihiri, kwa kuwa asili zake zimeachana sana.

Dungeons & Dragons ulitoka katika michezo ya vita ichezwayo kwa sanamu ndogo za askari. Gygax, aliyekuwa akikaa Lake Geneva katika Wisconsin, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1971, pamoja na Jeff Perren, kanuni za vita vya zama za kati ziitwazo Chainmail. Arneson, katika Minnesota, alikuwa akiongoza mchezo wa nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor, ambamo mchezaji hakuongoza jeshi bali mtu mmoja. Katika kanuni za 1974 wahusika walikuwa wa aina tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kila mmoja hupanda daraja, na kila apandapo huongezewa alama za uhai. Toleo la tano lilitoka mwaka 2014 na kusahihishwa mwaka 2024. Mifano ya hapa imechukuliwa katika lile la 2014.

RuneQuest ulichapishwa mwaka 1978 na kampuni ya Chaosium ya California. Mtungaji wake mkuu, Steve Perrin, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichoanzishwa Berkeley mwaka 1966 cha watu wavaao deraya na kupigana kwa silaha za miti, ili kuyajua mapigano ya kale kwa miili yao. Kanuni zake zilitungwa kwa ajili ya Glorantha, dunia iliyobuniwa na Greg Stafford, yenye miungu, koo na ibada nyingi. Humu hamna aina za wahusika wala madaraja. Kila stadi huandikwa kwa asilimia, na mtu hutupa dadu ya mia: ikipatikana namba isiyozidi kiwango chake, amefaulu. Toleo lililotumiwa hapa ni lile la 2018.

Dungeon World wa Sage LaTorra na Adam Koebel ulitoka mwaka 2012. Mada yake imeazimwa Dungeons & Dragons, bali sarufi yake ni ya Apocalypse World, mchezo wa D. Vincent Baker wa mwaka 2010. Humo dadu mbili za pande sita hutupwa na kujumlishwa pamoja na nyongeza ya mhusika. Jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu kamili. 7 mpaka 9 ni kufaulu kwa gharama. 6 au chini yake humpa msimulizi nafasi ya kuleta shida. Msimulizi hatupi dadu kuamua kama adui amefaulu: ajapo adui, huja kwa njia ya dadu ya mchezaji.

Mlinzi wa daraja

Tuseme mpiganaji mmoja amefika kwenye daraja la ngome, na mlinzi amemzuia. Mchezaji asema kwamba anamshambulia kwa upanga.

Katika Dungeons & Dragons kwanza dadu ya pande ishirini hutupwa ili ijulikane nani atangulie. Zamu moja huhesabiwa kuwa sehemu ya sekunde sita. Mtu aweza kwenda futi 30 na kutenda tendo moja. Mpiganaji wa daraja la kwanza, mwenye nyongeza ya 5, akimshambulia mlinzi ambaye deraya na ngao yake vimempa kinga ya 16, ahitaji kupata 11 au zaidi. Ni nusu kwa nusu. Akipata, hutupa dadu ya madhara na kuzipunguza alama za uhai za mlinzi, ambazo ni 11. Aghalabu mapigo mawili yatahitajika. Kisha ni zamu ya mlinzi. Yaliyotajwa ni umbali, mpangilio, na hesabu. Haikutajwa panga zilikutana namna gani, wala pigo liliingia wapi. Msimulizi aweza kuyasema hayo kwa kupenda kwake, kama mtu atiaye pambo katika sentensi ambayo imekwisha kukamilika.

Katika RuneQuest mpiganaji hutupa kwa kiwango chake cha upanga, naye mlinzi hutupa kwa kiwango chake cha kukinga. Wote wawili ni watendaji. Pigo likipita, dadu nyingine huonyesha kiungo lilichoingia, mguu au mkono au kichwa, na deraya ya kiungo hicho hupunguza madhara. Mguu ulioumizwa vibaya humwangusha mwenyewe, na alama za uhai haziongezeki kwa daraja, kwani madaraja hayako. Mzee wa vita vingi aweza kuuawa na kijana mwenye mkuki. Tena katika toleo hilo mapenzi na uaminifu vyenyewe huandikwa kwa asilimia. Ikiwa mlinzi ni wa ukoo wa mpiganaji, kitabu chenyewe kitauliza iwapo mkono wake utainuka.

Katika Dungeon World dadu hutupwa mara moja tu kwa wote wawili. Kwa mpiganaji asiye na nyongeza, katika njia 36 za kuanguka kwa dadu mbili, 6 humpa ushindi kamili, 15 humpa kufaulu kwa gharama, na 15 humpa shida. Akipata 8, amemjeruhi mlinzi naye mlinzi amemjeruhi yeye. Akipata 4, msimulizi aweza kusema kwamba upanga umemponyoka ukaanguka mtoni, au kwamba kengele ya ngome imeanza kulia. Umbali haukutajwa, wala sekunde. Lililotajwa, kwa lazima, ni jinsi hali ilivyogeuka.

Msomaji wa sarufi ataona kwamba mapambano haya matatu ni kauli tatu za kitenzi kimoja. Kwa utaratibu wa kwanza mtu hupiga, kisha hupigwa. Ni sentensi mbili zilizofuatana, na katika kila moja yuko mtenda na mtendwa. Kwa utaratibu wa pili huyu hupiga na yule hukinga. Kwa utaratibu wa tatu wanapigana: ni kauli ya kutendana, na haiwezekani kuikata vipande viwili bila ya kuiharibu.

Malipo

Kanuni hazilazimishi tu, hulipa pia. Mahali ambapo utaratibu huonyesha nia yake wazi kuliko pote ni pale uelezapo mhusika hupata nini, na kwa tendo gani.

Katika Dungeons & Dragons wa 1974 hazina iliyotolewa mapangoni iligeuzwa kuwa alama za uzoefu pamoja na alama zilizotolewa kwa kuwashinda madubwana. Matokeo yake yalikuwa na hekima: maadamu dhahabu ililipa, mchezaji mwerevu alimkwepa joka na kuiba. Katika toleo la tano hazina haileti tena uzoefu. Huletwa hasa kwa kuwashinda maadui, isipokuwa msimulizi akiamua kuwapandisha watu daraja wafikapo mahali fulani pa hadithi. Ndiyo sababu kikundi kinachosema kwamba chapenda mazungumzo na hila hujikuta, baada ya miezi michache, kikipigana kila jioni. Hakikupotoka, kimefuata malipo.

RuneQuest hulipa matumizi. Stadi iliyofaulu katika jambo la maana hutiwa alama, na baadaye mchezaji hutupa dadu ili aone kama imekua. Hukua akipata namba iliyopita kiwango chake. Asiyejua sana hujifunza upesi, na bingwa hujifunza kwa shida. Hapana haja ya kumwua mtu ili kuwa msemaji bora, inapasa kusema.

Dungeon World hulipa kushindwa. Kila apatapo mchezaji 6 au chini yake, huandika alama moja ya uzoefu. Tena mwisho wa kila kikao kikundi huulizwa kama kimejifunza jambo jipya la dunia yake, kama kimemshinda adui wa kutajwa, na kama kimepata hazina ya kukumbukwa. Mchezaji aliyelipwa kwa kushindwa haogopi kujaribu, na mhusika asiyeogopa kujaribu ndiye aletaye hadithi.

Tendo lisilotimia

Liko jambo ambalo Kiswahili hulidhihirisha kuliko Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya vitabu hivi vyote vitatu. Mchezaji atajapo tendo la mhusika wake, anataja nia na mwanzo tu. Mwisho si wake. Kitenzi cha Kiingereza cha kupiga kina umbo lile lile katika wakati uliopo na uliopita, na hivyo mezani haieleweki daima kama msemaji ametangaza nia au amedai matokeo. Mswahili hawezi kujificha. Akisema “nampiga”, amefungua tendo na kuliacha wazi. Akisema “nimempiga”, ameinyang’anya dadu kazi yake, na wenziwe watamkatiza mara moja.

Kwa hiyo taratibu zaweza kutofautishwa kwa swali hili: nani mwenye haki ya kutia -me-? Katika Dungeons & Dragons na RuneQuest haki hiyo ni ya dadu, na msimulizi ndiye msemaji wake. Katika Dungeon World dadu hutoa tatu: tendo limetimia; tendo limetimia, lakini; au msimulizi ashike zamu. Lile “lakini” la katikati si pambo. Kwa mhusika asiye na nyongeza ndilo litokealo mara 15 katika 36, na kila mara litokeapo mtu hana budi kulijaza kwa maneno.

Mfasiri atakayetaka kukileta kitabu kimojawapo katika Kiswahili atakutana na jambo hili tangu ukurasa wa kwanza. Kanuni za Dungeons & Dragons zimejengwa juu ya orodha ya matendo ambayo mchezaji huchagua katika zamu yake, kisha sharti: pigo likipata, fanya hivi; lisipopata, acha. Kiambishi chake ni -ki-. Kanuni za Dungeon World zimejengwa juu ya tukio: mpiganaji ashambuliapo, atupe. Kiambishi chake ni -po-. Mchezaji wa kwanza huitazama orodha kwanza, kisha hunena. Wa pili hunena kwanza, na kanuni huja kumkuta. Tafsiri itakayochanganya viambishi hivyo viwili itakuwa imezipoteza kanuni zenyewe, hata kama kila neno limepatiwa neno lake.

Kasoro

Hakuna katika hizi tatu usio na upungufu. Kasoro ya Dungeons & Dragons ni kwamba ufasaha wake umekusanyika mahali pamoja. Kwa vita na sihiri una msamiati mkubwa ajabu. Kwa mashauri, mapatano, safari na mapenzi hutoa dadu ile ile moja na maelezo machache. Mambo hayo yawezekana, nayo hutendeka kila siku katika meza nyingi, lakini hutendeka bila ya msaada wa kitabu, kwa juhudi za msimulizi. Tena kadiri madaraja yapandavyo, pambano moja laweza kula jioni nzima.

RuneQuest umebeba mzigo mwingine. Kiungo, deraya ya kiungo, silaha ichakaayo, mfuatano wa mapigo: kila kimoja kina maana yake, lakini kwa pamoja huwataka wachezaji wawe makarani. Dunia yake nayo haimpokei mgeni kwa urahisi. Mtu asiyejua miungu ya Glorantha huketi mezani kama mgeni katika arusi ya ukoo asioujua, akicheka baada ya wengine kucheka.

Kasoro ya Dungeon World huonekana baadaye. Hesabu yake hudhoofika kwa ukuaji. Mhusika mwenye nyongeza ya 3 hupata ushindi kamili mara 21 katika 36, na shida mara 3 tu. Lile “lakini” lililokuwa roho ya mchezo hupungua, na malipo ya kushindwa hupungua nalo. Kadhalika utaratibu huu hutegemea sana ubunifu wa papo kwa papo. Msimulizi aliyechoka hana daftari la kumtegemeza. Atarudia shida zile zile, na wachezaji watazitambua.

Wasemaji wengi na mwenye lugha

Hoja ya umaarufu, iliyosukumwa kando hapo mwanzo, yastahili kurudishwa kwa haki yake. Lugha yenye wasemaji wengi ina faida isiyo ndogo: msafiri hupata wa kusema naye. Atakayejifunza Dungeons & Dragons atapata meza katika miji mingi ya dunia, pamoja na hadithi zilizokwisha kutayarishwa na waelekezaji wasio na idadi. Wazungumzao Kiswahili hawana sababu ya kuidharau hoja hiyo, kwani ndiyo iliyokichukua Kiswahili kutoka pwani mpaka Kongo. Lakini lugha kuu hujifunzwa ili kukutana na watu, na haifuati kwamba yafaa kwa kila shughuli ya nyumbani.

Iko pia tofauti kubwa: lugha haina mmiliki, na utaratibu wa mchezo unaye. Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliweza kusanifisha maandishi ya shuleni na vitabuni, bali haikuweza kumdai msemaji ada. Kampuni yaweza. Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR, kampuni ya Gygax ya asili, mwaka 1997, ilitoa mwaka 2000 leseni iliyowaruhusu watu wengine kutunga kwa kanuni za toleo la tatu. Toleo la nne lilipotoka mwaka 2008, wengi hawakulikubali, na mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ilichapisha Pathfinder, ulioihifadhi sarufi ya toleo lililotangulia, kama lahaja iliyobaki kisiwani baada ya bara kubadilika. Mwezi wa Januari 2023 habari zilipoenea kwamba leseni ile itabadilishwa, wachezaji na wachapishaji walipinga kwa nguvu, na kabla mwezi haujaisha kampuni iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons isiyofutika. Dungeon World ulikuwa chini ya leseni ya jamii hiyo tangu mwanzo. Kwa mtu atakaye kucheza tu, jambo hili ni dogo. Kwa mtu atakaye kufasiri kanuni, kuzichapisha kwa lugha yake na kuzijenga upya juu ya ngano za kwao, ni jambo la kwanza kuuliza.

Hukumu

Ikiwa taratibu zitapimwa kama kazi za sanaa, RuneQuest ndio uliotungwa kwa ukamilifu zaidi kuliko wenzake wawili. Kanuni zake na dunia yake husema jambo moja: kwamba mtu ni mwili uvunjikao, ndani ya ukoo umdaio, mbele ya miungu imsikiayo. Ikiwa zitapimwa kwa manufaa ya kawaida, Dungeons & Dragons hauna wa kushindana nao; kikundi kipendacho kupanga vita na kuuona uwezo wa wahusika wake ukikua mwaka baada ya mwaka hakitakosea kikiuchagua, mradi kisiudai yale usiyoyalipa. Ikiwa zitapimwa kama mafunzo ya kusimulia, Dungeon World ndio mwalimu, kwa sababu hauwaruhusu watu kunyamaza. Wale waanzao bila ya mazoea yoyote ya michezo ya vita, na ambao urithi wao ni maneno kuliko sanamu za askari, wangefaa kuanzia hapo kwa miezi michache, wakijua kwamba watauhama.

Walakini hukumu ya mhakiki haiwezi kuwa badala ya uchunguzi wa kikundi chenyewe. Kabla ya kununua kitabu, watakao kucheza waulizane kwanza mambo matatu. Kanuni hizi zatulazimisha kutaja nini kila jioni? Zatulipa kwa kutenda nini? Na nani kati yetu amepewa haki ya kulitimiza tendo? Kisha wamweke mlinzi mmoja juu ya daraja, wacheze pambano hilo moja kwa taratibu mbili tofauti, na wasikilize. Yale watakayojikuta wakiyasema katika nusu saa hiyo ndiyo watakayoyasema mwaka mzima. Kama hayawafurahishi, wasimlaumu msimulizi, wabadili kitabu.